Foleni Imeondoka, Njaa Imehamia Mfukoni

Wale miongoni mwetu waliokwisha kuvuka miaka sitini hawahitaji kuelezwa foleni ni kitu gani. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtu wa Unguja au Pemba aliyetaka mchele, sukari au unga wa ngano aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaweka kikapu chake katika mstari, na pengine akakiwekea jiwe juu ili kisihamishwe, kisha akarudi nyumbani kuswali. Jua likichomoza humkuta amesimama. Akifika mbele ya dirisha hupimiwa kwa idadi ya watu wa nyumba yake, au huambiwa kuwa mchele umekwisha, arudi juma lijalo. Siku zile umaskini wa chakula ulikuwa na sura moja, nayo ilionekana na kila mpita njia: ni ule mstari mrefu wa watu wenye vikapu vitupu.

Hali ile haipo tena, na hapana mwenye akili timamu anayetamani irudi. Leo mtu akishuka Darajani, au akiingia katika duka lolote la Wete na Chake Chake, ataona mapolo ya mchele yamepangwa mpaka darini: mapembe kwa wenye haja ya bei nafuu, basmati kwa wenye harusi, na mchele wa Mbeya kwa wanaojua utamu wake. Kwa mtazamo wa haraka mtu angesema kuwa visiwa hivi vimekwisha kuiaga njaa. Serikali yenyewe, katika uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2019/20, iliona kwamba watu 25.7 katika kila mia wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima, ilhali katika uchunguzi wa mwaka 2014/15 walikuwa 30.4. Wasiomudu hata chakula cha kutosha waliteremka kutoka 10.8 hadi 9.3 katika mia. Hayo ni maendeleo, nasi hatuna sababu ya kuyabeza. Lakini watu tisa katika kila mia, kwa nchi iliyohesabiwa kuwa na watu 1,889,773 mwaka 2022, ni umati wa watu zaidi ya laki moja na nusu. Umati huo uko wapi, mbona hatuuoni? Hauonekani kwa sababu haujipangi tena mbele ya dirisha. Kila mmoja amekaa nyumbani kwake na mlango ameurudisha.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbushane jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui, na pengine baadhi ya wakubwa maofisini wamelisahau. Kisiwa cha Pemba hakikuumbwa kuwa kisiwa cha kuomba. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba mpunga wake ulikuwa ukipakiwa majahazini kwenda kulisha Mombasa. Mabonde yale yale ambayo leo tunayapita kwa gari pasipo kugeuza shingo ndiyo yaliyokuwa ghala la pwani. Kilichobadili mambo ni karafuu. Sayyid Said aliposimamisha kilimo chake katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, na hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja na kuinusuru sehemu kubwa ya ile ya Pemba, nguvu za watu zikaelekezwa kwenye zao la kuuza, na chakula kikawa ni kitu cha kununua. Tangu hapo mchele wetu unakuja kwa meli.

Na chakula kijacho kwa meli kina tabia ya kutokuja. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, ambako ndiko ulikotoka mchele mwingi wa Bahari ya Hindi, wazee wetu walirudi kwenye muhogo na mtama kwa lazima, si kwa hiari. Miaka thelathini baadaye Serikali ya awamu ya kwanza, kwa nia ya kuvifanya visiwa vijitosheleze, ilibana uagizaji wa mchele kabla mabonde hayajawa tayari kujaza pengo lake. Na matokeo yake ndiyo zile foleni tulizozitaja. Nia ilikuwa sahihi, haraka ndiyo iliyoharibu. Wapemba walioishi siku zile wanazieleza mpaka leo kwa sauti ya chini, na wapo wanaozihesabia umri watoto wao. Ilipofika mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar, milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, bidhaa zikaingia, na mstari wa watu ukayeyuka kidogo kidogo.

Katika miaka hiyo hiyo Watanzania kwa jumla walikuwa wakijifunza kula chakula cha msaada. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulilazimisha nchi kuagiza na kuomba nafaka kwa wingi usio wa kawaida. Hapo ndipo lugha yetu ilipopata maneno mapya mezani: bulga, na unga wa yanga, ulioitwa hivyo kwa umanjano wake uliofanana na jezi za klabu ya Jangwani. Watu waliula, wakaushukuru, wakautania, wala hawakuuzoea.

Mahindi yale ya manjano hayakuja kwa bahati. Mwaka 1954 Marekani ilitunga sheria ya kuyatoa nje mazao yaliyowazidi wakulima wake, na baadaye mpango huo ukapewa jina zuri la Chakula kwa Amani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzishwa mwaka 1961, likaanza kazi mwaka 1963. Rehema ilikuwamo ndani yake, wala hatuikani. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya gunia lile. Lakini ilikuwamo pia hesabu ya mkulima wa Marekani mwenye ghala lililojaa, na ya mwenye meli, kwa kuwa sheria za huko zilitaka sehemu kubwa ya shehena hiyo ipakiwe katika meli za Kimarekani hata kama nauli yake ni ghali. Mwaka 2007 shirika la CARE, ambalo lenyewe ni la huko huko, lilitangaza kuwa litaacha kupokea chakula cha serikali ya Marekani kwa ajili ya kukiuza Afrika ili kupata fedha za miradi, kwa hoja kwamba biashara hiyo huwavunja nguvu wakulima wale wale wanaokusudiwa kusaidiwa. Shirika hilo lilikuwa likipata mamilioni ya dola kwa njia hiyo. Si kila siku tunaona mtu akiusukuma mkono unaompa, na tendo hilo lastahili kukumbukwa na kila anayepanga misaada, awe Washington au awe hapa Vuga.

Turudi nyumbani. Mwaka 1981 mtaalamu wa Kihindi, Amartya Sen, alitoa kitabu kuhusu umaskini na njaa ambamo alionyesha kwamba watu hufa njaa si lazima kwa kuwa chakula hakipo, bali kwa kuwa wao hawana njia ya kukipata. Alitoa mfano wa Bengal ya mwaka 1943. Mtu asiyetaka kusoma kitabu hicho anaweza kupanda gari mpaka Wilaya ya Micheweni, akajifunza jambo hilo hilo kwa nusu saa.

Sisi tulikwenda. Njia ya huko inapita katika ardhi ya mawe, yenye udongo haba, ambapo mikarafuu haikubali kama inavyokubali upande wa magharibi wa kisiwa. Kando ya barabara wameketi wanawake, na baadhi ya nyakati watoto waliopaswa kuwa darasani, wakivunja kokoto kwa nyundo. Jiwe kubwa hupasuliwa mpaka liwe la kadiri ya kunde la kuchanganyia zege, kisha hukusanywa chungu chungu kungoja gari la mnunuzi. Gari likija leo, familia itakula mchele. Lisipokuja juma zima, basi ni juma zima. Tulimkuta bibi mmoja, kitambaa amejifunga kidole kilichopondwa na nyundo, tukamwamkia, akatuitikia kwa ukarimu wa watu wa Pemba usioisha hata mfuko unapoisha. Tulimuuliza kama mchele unapatikana huku kwao.

"Mchele upo, wanangu," alijibu. "Duka lile pale limejaa. Mwenye duka ndiye aliyechoka kuniandika."

Katika maneno hayo imo sura mpya ya umaskini tunayotaka ionwe na wakubwa wetu. Foleni imegeuka daftari la deni. Mwenye duka, ambaye naye si tajiri, huandika nusu kilo leo na robo ya sukari kesho, mpaka ukurasa ujae. Daftari halina mahali katika takwimu za Serikali. Pengine mdaiwa ana nyumba ya bati na simu ya mkononi, na mtoto wake anavaa sare safi, hivyo mpita njia humwona si maskini. Zamani maskini alijulikana kwa kiraka. Leo nguo za mitumba zimewavika watu wote, nalo ni jambo la heri, lakini limewaficha wengi machoni mwa wale wenye kalamu ya kuorodhesha.

Fedha zenyewe zilitoka wapi zikaenda wapi? Karafuu, iliyoitoa Pemba katika mpunga, nayo ikaiacha njiani. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Mikarafuu yao wenyewe ilipokomaa katika miaka ya 1980 wakaacha kununua, na bei ikaporomoka vibaya. Mkulima wa visiwa alikuwa amekwisha kuzoea kukatwa sehemu kubwa ya bei ya zao lake hata katika miaka ya neema, kwa hiyo dhiki ilipokuja haikumkuta na akiba. Ni mwaka 2011 tu ndipo Serikali ilipopandisha bei ya kilo hadi shilingi 15,000 na kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Tunaisifu hatua hiyo, ingawa kwa wengi ilikuja wakati miti ya babu imekwisha kuzeeka.

Upande wa pwani, kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kikaenea hadi Pemba, na kwa mara ya kwanza maelfu ya wanawake walishika fedha zao wenyewe. Wapo waliojenga, wapo waliosomesha. Kisha bahari ikapata joto, na ule mwani wa thamani, cottonii, ukawa unaoza na kukatika kabla ya kuvunwa, ukabaki spinosum wa bei ya chini. Mama aliyekuwa ameacha konde lake la muhogo kwa ajili ya mwani hakupata tena cha kurudia. Konde lilikwisha kuota msitu, au limekwisha kuuzwa kwa mwenye hoteli. Hata pweza, aliyekuwa kitoweo cha mnyonge, siku hizi ana bei ya mgeni. Mchokozi wa pweza humpeleka hotelini, naye akarudi nyumbani kula wali mkavu. Hatusemi kuwa utalii ni balaa. Tunasema kwamba umeingia jikoni mwetu, na waziri wa fedha anapohesabu dola zilizoingia yafaa ahesabu pia samaki waliotoka.

Pamoja na umaskini, msaada nao umebadilika. Gunia limeondoka, imekuja fedha. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, uliingia awamu yake ya tatu mwaka 2012 kwa kuzilipa kaya maskini fedha taslimu, Unguja na Pemba zikiwamo, na kwa kuwapa kazi za muda wenye nguvu. Mwaka 2016 Zanzibar ikaanza kumlipa kila mzee aliyefika miaka sabini pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, iliyoongezwa mwaka 2023 kuwa 50,000. Mzee hakuulizwa chama chake, wala alikuwa mtumishi au mvuvi. Kwa maoni yetu hili ni miongoni mwa mambo ya staha kubwa yaliyofanywa na Serikali ya visiwa hivi, kwa sababu mzee hupokea kwa haki ya umri wake. Hakuna anayemwomba. Ananunua anachokitaka, kwa duka analolitaka, na kwa kawaida hununua cha wajukuu.

Upo, hata hivyo, msaada wa namna nyingine unaotutia mashaka, nao huja kila mwaka mwezi wa Ramadhani unapobisha hodi. Malori hushusha mchele, unga wa ngano, mafuta, sukari na tende. Wanaotoa ni wafanyabiashara, waheshimiwa, jumuiya za hapa na za Ghuba. Kutoa ni ibada, na Mwenyezi Mungu ndiye mlipaji. Lakini kwa nini sharti mpokeaji asimamishwe mbele ya bango lenye picha ya mtoaji, akabidhiwe polo na kupigwa picha akilishika? Tumewahi kumwona mzee mmoja, fundi wa majahazi katika ujana wake, akigeuza uso kamera ilipomwelekea, na kijana wa msafara akamwambia, "Mzee, tazama huku." Mzee akatazama, maana mchele alikuwa ameuhitaji. Dini yetu ilikwisha kutufundisha adabu ya jambo hili. Zaka ya fitri hupimwa kwa pishi ya chakula cha watu wa mahali, hutoka nyumba hadi nyumba kabla ya swala ya Idi, na mara nyingi aliyeipokea hajui hasa imetoka kwa nani. Hiyo nayo ni misaada ya chakula, iliyotangulia Umoja wa Mataifa kwa karne nyingi, wala haikuhitaji bango.

Lipo na jambo la hesabu, mbali na adabu. Mchele huu wa hisani hununuliwa kutoka nje, hugawiwa kwa wingi katika majuma machache, pasipo mtu kutazama kalenda ya konde. Ikiwa mgao umesadifu na mavuno, mkulima wa Bumbwisudi au Cheju hukuta soko limekwisha kushiba. Tungependa kuwaomba watoaji wetu wakubwa, kwa heshima zote, walau sehemu ya mchele wao wainunue kwa wakulima wa visiwani. Ni ghali kidogo kuliko mapembe, twajua. Lakini thawabu yake huenda nyumba mbili, ya aliyelima na ya aliyepewa.

Haja ya kufikiri hivyo ni kubwa zaidi sasa, kwa kuwa mkono wa mbali unafupika. Mwezi wa Juni mwaka 2023 wakimbizi wa kambi za Kigoma walipunguziwa mgao wao wa chakula mpaka nusu, kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha za kutosha. Mwezi wa Julai mwaka huo huo India ilipiga marufuku usafirishaji wa mchele wake mweupe usio basmati, ili kuwalinda watu wake, na bei ikapanda kote duniani; marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Septemba 2024. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na Mpango wa Chakula Duniani ukatangaza kupungukiwa na karibu asilimia 40 ya fedha zake ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Serikali za nje zina raia wao wa kuwajibu, nasi hatuna haki ya kuwalaumu kwa hilo. Ila mtu asiseme kuwa hakuonywa.

Basi tuwageukie wenye madaraka, ambao twajua husoma safu hii japo si wote wanaokiri. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe, ambayo inautambua ulaji wa kutosha kuwa ni haki ya mtu. Ni sheria ambayo nchi nyingi kubwa hazina. Tunauliza: je, bibi yule wa Micheweni amewahi kuisikia? Sheha wake anayo nakala? Sheha huyo ndiye anayeulizwa majina kila unapokuja msaada, iwe fedha, iwe futari, na kila mara huandika orodha mpya kwa haraka, kwa kuwajua anaowajua. Ingekuwapo orodha moja ya shehia, ikasomwa hadharani katika mkutano wa watu wote na kurekebishwa kila mwaka kabla ya masika, basi manung'uniko mengi tunayoyapokea kwa barua yangekwisha. Barua hizo hazisemi kwamba msaada ni mdogo. Nyingi husema kwamba jirani mwenye maduka mawili amo, na mjane hayumo.

Na yale mabonde. Mwaka 1978 tulikuwa watu 476,111. Sasa tumekaribia mara nne ya hapo, na ardhi haikuzaa ardhi nyingine. Kila mwaka nyumba zinateremka bondeni, msingi wa matofali unasimama palipokuwa na majaruba ya mpunga, na anayekuja kupinga huambiwa kwamba kiwanja kina karatasi. Nani aliyetia saini karatasi hizo? Serikali imetumia fedha nyingi, nyingine za mkopo, kuchimba mifereji ya umwagiliaji Unguja na Pemba. Haiwezekani idara moja ichimbe mfereji na nyingine igawe kiwanja juu yake. Tungependa kuona ramani ya mabonde yote ya mpunga ya visiwa viwili ikibandikwa katika kila ofisi ya wilaya, yenye mpaka uliochorwa kwa wino mwekundu, na jina la afisa anayewajibika kwa kila bonde likiandikwa chini yake.

Masika hayako mbali. Wakulima wa Pemba wanauliza mbegu na mbolea zitafika lini, kwa sababu mara kadha zimewahi kufika mpunga ukiwa umekwisha kuchanua. Tunalipeleka swali lao kama lilivyo, na jibu likipatikana tutalichapa katika ukurasa huu huu.